Mnada wa Jina la Mama Damasi

Duka la Mama Damasi pale Maisaka halina kibao. Lilikuwa nacho, upepo ukakichukua, na Coletha, ndiye Mama Damasi mwenyewe, hakuona haja ya kuweka kingine, maana kila mfugaji anayetafuta dawa Babati anajua kuulizia kwa Mama Damasi. Wengi hata hawaji. Wanapiga picha ya mnyama mgonjwa na kuituma pamoja na maelezo ya sauti. Coletha anaiangalia ile picha, anauliza maswali hadi mtu anachoka, kisha anafunga dawa kwenye kitambaa chekundu na kumkabidhi kondakta wa basi. Kitambaa ni kwa ajili ya wapokeaji wasiojua kusoma.

Mteja wake mkubwa ni Kulet, mfugaji wa Simanjiro. Ukubwa wake si wa mifugo tu. Maboma ya jirani zake hununua anakonunua yeye; akihama, wanahama naye.

Siku moja Kulet aliingia dukani bila kutuma neno.

"Shikamoo, Baba Sayialel."

Hakuitika. Kwa mzee wa heshima zake hilo lilikuwa tusi, na Coletha akaacha kupanga chupa.

"Ndama wangu wamekufa," Kulet alisema. "Wana ndigana, tezi zimevimba, nakutumia picha, wewe unaniletea dawa ya minyoo! Tena imechelewa."

"Baba, sijapata picha yako yoyote tangu mvua zianze."

"Nilipoteza simu. Nikanunua nyingine, nikatafuta jina lako humu. Likaja la kwanza. Angalia mwenyewe."

Coletha akaangalia. Ilikuwa programu ya Chapu, kampuni ambayo siku hizi kila mtu hutafutia kila kitu, na simu nyingi zinatoka dukani ikiwa tayari imo ndani. Juu kabisa, kwa herufi nene, palikuwa na maneno: Mama Damasi Babati, Dawa za Mifugo, Agiza Hapa. Pembeni yake, kwa herufi za kutafuta kwa tochi: Tangazo. Alipobonyeza likafunguka duka la Chapu wenyewe, ambao sasa nao wanauza dawa. Huko hakuna anayeangalia picha. Mama Damasi wa kweli alikuwa chini, baada ya matangazo mengine.

Yaani wenye barabara wamefungua duka barabarani, na wanawavuta wapita njia kwa kutaja jina la jirani. Mimi ningetukana. Coletha alisema tu, "Huyu si mimi."

Kulet aliitazama simu, akamtazama na yeye. Hasira yake ikahamia kwingine.

"Kwetu kila ukoo una alama yake ya kuchoma ng'ombe," alisema. "Mtu akiichoma alama yangu kwenye ng'ombe wake, anaitwa, anakiri mbele ya watu, analipa. Waite hawa, Mama Damasi. Ukilirudisha jina lako, nitawarudisha watu. Sasa hivi kule wanajua wewe ndiye uliyeua ndama."

Coletha akapiga simu Chapu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana, adabu ile ya mtu asiyeweza kukusaidia. Alieleza kwamba maneno ambayo watu hutafutia hupigwa mnada, jina la Mama Damasi likiwemo, na kwa sasa aliyeweka dau kubwa kuliko wote ni idara ya maduka ya Chapu.

"Yaani mnauziana wenyewe kwa wenyewe?"

"Mnada uko wazi kwa wote, mama. Hata wewe unaweza kushiriki."

"Kwenye mnada wa jina langu?"

"Ndiyo, mama. Karibu sana."

Akapeleka malalamiko kwa wahusika. Akajibiwa kwamba malalamiko yamepokelewa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wakati huo huo oda za Simanjiro zilikatika, na makondakta wakaacha kupita kuuliza kama kuna mzigo. Coletha aliumia, tena sana. Alikuwa akiangalia simu yake hata kanisani. Mwisho alifanya ambacho wengi wetu tungefanya. Alishiriki mnada. Dau lilikuwa la kila mwezi, na ili lisimmeze, akapandisha kidogo bei ya dawa.

Jina lake likapanda juu, safari hii likiwa na namba yake halisi. Alifurahi mno. Aliwaonyesha majirani nusu ya mtaa.

Kulet alirudi siku ya mnada wa mifugo. Akalitamka jina kwenye simu, akaona, akacheka kwa sauti.

"Wamekiri!"

"Hawajakiri, baba."

"Wamelirudisha bila kukiri?"

Coletha angeweza kudanganya, lakini hakuzoea. "Nimewalipa. Ninawalipa kila mwezi."

Kulet alichukua chupa ya dawa ya ndigana, ile anayonunua siku zote, akauliza bei. Coletha akamtajia.

"Imepanda."

"Imepanda, Baba Sayialel. Nisamehe. Ni kwa sababu ya hao."

Kulet aliigeuza chupa mkononi kwa muda. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana anayepiga hesabu na kutolipenda jibu.

"Kwa hiyo ndama wangu wamekufa mikononi mwao," alisema, "na anayewalipa ni mimi."

Kulet akairudisha chupa juu ya meza, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akamtakia siku njema, akatoka.