Kidole cha Baba Orpa

Siku ya nne ya mafunzo ya washauri wa waliofiwa, katika kanisa dogo la Rubondo, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mkufunzi Constance alipanga viti kumi na viwili vya plastiki mbele ya vingine kumi na viwili. Alikuwa ametoka kwake Nyamitanga, mjini Mbarara, alfajiri, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Ubaoni aliandika: KITI KITUPU. Chini yake: DAKIKA HAMSINI.

Zoezi lilitoka kwenye mwongozo. Mshauri hawezi kumsikiliza mfiwa kama hajawahi kukaa na msiba wake mwenyewe. Kwa hiyo kila mwanafunzi angezungumza na kiti kitupu kana kwamba marehemu wake amekikalia. Mwongozo haukueleza namna ya kuanza. Walioutunga hawakuwafikiria watu wa Kivu Kusini na wa Burundi, ambao hawazungumzi na mtu kabla ya kumkaribisha.

Pontien, Mrundi mkulima wa maharage, ndiye aliyetangulia. Alivua kofia, akakifuta kiti vumbi kwa mkono wa shati, akasema, "Karibu, mama. Kaa."

Wenzake kumi na mmoja wakafanya vivyo hivyo. Viti vikajaa.

Constance alihesabu watu mara mbili, akapata ishirini na wanne mara zote mbili. Akatazama saa yake na kuandika muda wa kuanza.

Pélagie, ambaye huuza samaki wakavu sokoni, alikuwa amekaa mbele ya mumewe, Laurent. Hakuwa amemwona tangu wakimbie Kongo, na huo ulikuwa mwaka wa nane. Shati la Laurent lilikuwa lile la mistari, na kifungo cha tatu kilikuwa bado kimekatika.

"Baba Orpa," alisema.

"Niko."

"Umechelewa mingi."

"Hakuna mutu alinikaribisha."

Pélagie alikubali kwamba hilo ni kweli. "Ulibakia fasi gani?"

"Ku mto, chini ya soko. Ile siku ya kwanza. Ilikuwa mbio. Usikae unafikiri ilikuwa muda murefu." Kisha akauliza, "Na ile mimba?"

"Ni binti. Jina yake Sonia. Alichukua paji lako la uso."

"Pole yake," alisema Laurent, na wote wawili wakacheka.

Katika siku tatu zilizotangulia Pélagie alikuwa amefundishwa kutomkatiza mfiwa, kutomwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, na kutomgusa bila ruhusa. Aliomba ruhusa. Laurent alimpa mkono, nao ulikuwa na ubaridi wa mtungi uliowekwa kivulini. Akaushika mpaka dakika hamsini zikaisha.

Constance alipitisha karatasi ya mahudhurio. "Na wageni waandike," alisema. "Mbarara wataniuliza kila kichwa."

Karatasi ilikuwa na nafasi ya jina, ya mahali mtu alikotoka, ya tarehe na ya sahihi. Kwa kuwa hakuna aliyewaeleza ni tarehe ipi, wageni wote kumi na wawili waliandika tarehe waliyokufa. Kisha wakasimama, wakaaga, wakaondoka kwa mlango wa mbele.

Pélagie aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Kwa miaka mitano alikuwa akitafuta karatasi ya namna hiyo. Binti yake mkubwa, Orpa, alikuwa amepelekwa Kanada akiwa ameandikwa kwenye faili la shangazi yake. Pélagie na Sonia walipaswa kumfuata, lakini mtoto haondoki bila idhini ya baba yake au uthibitisho wa kifo chake, na kwenye faili lao paliandikwa: *Baba hajulikani alipo.* Pélagie alimwomba Constance nakala. Constance aliigonga mhuri.

Karani wa faili, katika ofisi ya makazi, aliitwa Muhirwa. Alikuwa mtu nadhifu, asiyepokea zawadi wala kumpandishia mtu sauti. Aliisoma karatasi yote, kisha akafuta maneno "hajulikani alipo" kwenye faili na kuandika "yupo".

"Baba ya mtoto ameonekana," alisema. "Sasa akuje aweke kidole kwa hii form ya ruhusa."

"Muzee, amekufa. Angalia tarehe."

"Tarehe naona. Na saini pia naona. Mtu alikufa hapana weka saini, mama."

Jumatano iliyofuata Pélagie alitoa kiti nje ya nyumba, naye Sonia akasema, "Karibu, baba." Laurent akaja, akamtazama Sonia paji la uso kwa muda, akamwomba radhi. Kisha wakaenda ofisini. Watu waliokuwa kwenye mstari waliwapisha watangulie, kwa kuwa dakika hamsini za mgeni ni chache na kila mmoja wao alikuwa na mtu ambaye angependa apishwe.

Mashine ya alama za vidole haikusoma kidole cha Laurent. Muhirwa hakushangaa, vidole vya wakulima wengi huliwa na jembe visibaki na mistari. Alitoa kopo la mafuta ya kujipaka. Sonia akampaka baba yake, taratibu, mpaka kwenye kiungo cha pili. Mashine haikusoma.

"Mzee, ulikuwa unalima?"

"Nilikuwa nalima."

"Ndiyo maana." Muhirwa aliandika: *Yupo. Kidole hakisomeki. Arudi mwezi ujao.*

"Na mwezi ujao kisiposomeka?" aliuliza Pélagie.

"Arudi tena."

Pélagie alipata cheti chake cha ushauri. Wafiwa humwendea alasiri. Huwawekea viti viwili, na huwaambia waanze kwa kukaribisha. Constance aliongeza sentensi hiyo kwenye mwongozo kwa kalamu, ukurasa wa thelathini na moja.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi watatu hao husimama kwenye mstari. Orpa hupiga simu kutoka Kanada, ambako ni usiku, na kuuliza wamefika wapi.

"Tuko mu mstari. Na baba yako iko."

"Anasema nini?"

"Anauliza kama unakula."

Sonia ana kopo lake mwenyewe sasa. Hulifungua mapema, kabla hawajafika kwenye dirisha la karani, na kukipaka mafuta kidole cha baba yake, kisha kinachofuata, kisha mkono wote, bila haraka. Anajua hakitasomeka. Laurent humwachia mkono mpaka muda unapokwisha.