Kovu Lisilo la Serikali

Rut alikuwa na makovu ya ndui uso mzima, mashavuni, kwenye paji, hata kwenye kope, lakini karani wa meli alitaka kovu moja tu, la mkononi.

"Mkono wa kushoto, mama. Pandisha nguo."

Karani huyo aliitwa Lameck, kijana wa Makwale aliyesomea misheni, na sasa alikuwa na kofia ya Wadachi kichwani. Alikuwa amekwisha kuwasomea watu kanuni pale ufukoni Mwaya: abiria wa sitaha asiteme mate, asiwashe moto, asipande melini bila kovu la chanjo ya ndui.

"Mwanangu, hebu nitazame," alisema Rut. "Niliugua ndui mwaka ule ilipotumaliza kule kijijini Ikombe. Aliyekwisha kuugua haugui tena. Hata watoto wanalijua hilo."

"Kanuni sikutunga mimi. Kovu la usoni si kovu la serikali."

Watu waliopanga foleni walicheka. Rut alihisi damu ikimpanda. Alikuwa mfinyanzi, mjane, na binti yake wa pekee, Neli, alikuwa ameolewa Manda, huko kusini, mimba yake ya kwanza imefika mwezi wa kujifungua. Kwa miguu hapakuwa na njia, kwani milima ya Ukinga inatumbukia ziwani kama ukuta. Mitumbwi nayo ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa sababu ya upepo. Ilibaki meli.

Wakiwa bado wanabishana, wapagazi walipita na machela. Juu yake alilala mfanyabiashara wa Kizungu, uso mwekundu, macho kama makaa, mikono imeshika kiuno. Hakuna aliyemwambia apandishe nguo. Aliingizwa kwenye mashua iliyopeleka abiria melini, na Lameck akamvulia kofia.

"Huyo ana ndui!" Rut alipaza sauti. "Inaanza hivyo hivyo, homa na kiuno. Mshusheni!"

"Nyamaza! Unamsingizia Mzungu?"

Askari alimsukuma kwa kitako cha bunduki. Rut alianguka juu ya chungu alichokuwa amefinyanga kwa ajili ya kumwogeshea mjukuu, kikapasuka chini yake. Alipoinuka, mashua ilikuwa imekwenda.

Kesho yake alishika njia ya bomani kutafuta hilo kovu lao. Alipanda vilima siku mbili. Mgawa dawa pale bomani hakuinua hata kichwa. "Chanjo imekwisha. Rudi mwezi ujao." Akarudi Mwaya miguu imevimba, akakaa kwa Felista, mkulima wa mpunga aliyezoea kununua vyungu vyake. Kila asubuhi alilitazama ziwa, na kila asubuhi alikuta hasira imekwisha kuamka.

Meli ilirudi siku ya kumi na sita. Ilitia nanga mbali, bendera ya manjano ya ugonjwa juu. Mashua moja ilikaribia, ikasimama umbali wa kuitana. Ndani yake alikuwa Lameck, peke yake na makasia.

"Msije!" aliita. "Mzungu yule alitokwa na vipele siku ya pili. Amekufa. Manda wametukataa, kila bandari imetukataa. Kapteni anaumwa, na watu wa sitaha sita. Tunatafuta mtu aliyewahi kuugua ndui aje auguze!"

Watu wote walimgeukia Rut. Alitembea ndani ya maji mpaka magotini.

"Lameck! Kanuni inasemaje?"

"Mama, nakuomba..."

"Isome! Isome kama ulivyoisoma siku ile!"

Aliisoma, sauti ikimkatika. Ufukoni hakucheka mtu.

"Sasa sikiliza," alisema Rut. "Siji kwa ajili ya kapteni wako. Na ndui ikiisha, mtanishusha Manda."

"Tutakushusha."

Alipofika melini, baharia alimwonyesha ngazi ya kupanda kwa kapteni. Rut aliuliza watu wa sitaha wako wapi. Baharia akampeleka chini. Walikuwa wamefungiwa katika ghala la mizigo, mlango umewekewa komeo kwa nje, na ulipofunguliwa, harufu ilimrudisha Rut hatua mbili. Watu kumi na mmoja, wazima kwa wagonjwa, debe moja la maji, tupu.

"Wanyama ninyi," alisema. "Ziwa zima liko hapa, na watu wanakufa kwa kiu!"

Alimtuma baharia maji, akamtuma uji, akamtuma majani ya migomba ya kulalia. Wazima aliwapandisha juu kwenye hewa. Kapteni alipata uji wake jioni, baada ya wengine wote.

Wanne walikufa. Kapteni alipona. Lameck naye alishikwa, na Rut alimlisha kwa kijiko siku tisa, akimfukuza nzi usoni. Homa ilipomwachia, kijana alilia.

"Mama, nisamehe."

"Nimekuuguza," alisema Rut. "Hilo si msamaha. Usichanganye. Meza."

Wiki ya tano meli iliruhusiwa kushusha watu Manda. Rut alimwona Neli ufukoni, mtoto mgongoni, akaanza kukimbia. Mkunga mzee wa pale alinyoosha fimbo mbele yake.

"Simama hapo, mwenzangu. Wewe huugui, lakini nguo zako zimelala na wagonjwa. Choma nguo, oga, ukae kwenye kibanda kile siku kumi na nne. Kuna kichanga hapa."

Rut alisimama pale pale. Maneno yale yalikuwa na maana, na kwa kuwa yalikuwa na maana yalimuuma zaidi.

"Ndaga, asante," alisema. "Nipeni moto."

"Ni msichana, mama!" Neli aliita kutoka mbali. "Nilikungoja!"

Siku kumi na nne alikaa mlangoni pa kibanda, akisikiliza mjukuu akilia nyumba ya tatu. Siku ya kumi na tano Neli alimletea. Rut alimpokea, na mikono ikamtetemeka kwa hasira ya wiki zote zile. Neli, akidhani ni furaha tu, akacheka na kumshika viwiko asije akamwangusha.