Harufu ya Sufu

Fundi cherehani alipima joto la pasi kwa kidole kilicholowa mate, kama alivyozoea tangu ujana wake. Mara akanusa.

"Sufu inaungua!" alisema kwa hofu, kwa kuwa koti lile lilikuwa la bwana harusi. Aliligeuza nje ndani, akakagua mikono na kola, asione doa.

"Baba, kidole!" alipiga kelele binti yake, muuguzi, aliyekuja kumdunga sindano ya kisukari.

Ngozi ya kidole ilikuwa imebabuka, naye hakuhisi lolote.

"Kimekuwa sugu kama mwenyewe," fundi alitania.

Binti hakucheka. Alipokuwa akimfunga bandeji, alimweleza kwamba seli ya neva ina mkia mrefu kama uzi, utokao karibu na uti wa mgongo hadi ncha ya kidole. Habari ya moto hupita humo kama umeme, kisha hupokezwa seli nyingine kwa kemikali, mpaka ubongoni. Sukari ilikuwa imeila mikia hiyo, ikianzia nchani.

"Basi uungwe. Uzi huungwa, mwanangu."

"Huu hauungiki, baba."

Fundi alimpa sindano yake ya kushonea, akanyoosha mkono mwingine, akafumba macho. "Nidunge. Nikihisi, nitaendelea na kazi."

Binti alimdunga. Fundi alingoja.

"Dunga basi, mwanangu, unaogopa nini?"

Damu ilikuwa imekwisha kutoka.