Meza ya Mikono

Bibi wa mtoto Kamanda aliingia ofisini bila hodi, akafungua leso juu ya meza ya Madamu. Ndani ya leso kulikuwa na harage moja jekundu, limevimba.

"Hii ndiyo silabasi yenu?" aliuliza. "Limetolewa jana zahanati, puani kwa mjukuu wangu. Kwa koleo! Mtoto kashikwa miguu na mikono kama mwizi, kalia mpaka sauti imekauka. Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, sijawahi kuona somo linaloingilia puani."

Madamu, mwenye shule hiyo ya chekechea, alimtupia jicho mwalimu aliyesimama mlangoni. Wazazi walimwita Ticha Vifuniko, kwa kejeli, maana darasa lake lilijaa vifuniko, makopo na vijiko wakati darasa la jirani lilijaa madaftari. Mwenyewe alilivaa jina hilo kama joho la mahafali.

"Kosa ni langu, Bibi," alisema. "Maharage ya Meza ya Mikono yalikuwa ya kupanga kwa rangi, kazi ya watoto wakubwa. Kamanda ana miaka mitatu, ila anaongea kama mtu mzima na anawaamrisha wenzake kama askari. Nikausikiliza mdomo wake, nikasahau umri wake. Nikamkalisha pasipo pake."

"Afadhali umekiri. Sasa itoe meza hiyo, umpe penseli. Wenzake mtaani wanaandika a, e, i, o, u. Yeye anarudi nyumbani kalowa chapachapa. Nikimuuliza kajifunza nini, ananijibu 'maji'! Maji ni somo?"

Madamu alikohoa ili asicheke. "Ticha, meza itoke leo."

"Nipe hadi Ijumaa, Madamu. Bibi aje akae darasani, aone kwa macho yake. Asiporidhika, nitaibeba mwenyewe kichwani hadi stoo."

Bibi alimpima kutoka kichwani hadi viatuni. "Nitakuja. Na nisiporidhika, meza itabaki na wewe, mimi nitaondoka na mtoto wangu. Nikiondoka mimi, mtaa mzima utanifuata."

Madamu alijua hayo hayakuwa maneno matupu. Nusu ya wazazi wa pale waliwahi kuwa wanafunzi wa huyo bibi.

Mchana ule, watoto walipolala, Ticha alipiga magoti sakafuni akakipekua kila kikapu. Alichukua kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni inapokwisha, akakifanya hakimu. Kitu kilichopenya ndani ya kibomba kilitoka darasani: maharage, vifungo, shanga, mawe ya mtoni aliyoyapenda kuliko vyote. Vilivyogoma kupita vilibaki: mitungi na vifuniko vyake vipana, sponji, mabeseni, vibanio vikubwa vya nguo. Akakanda na donge la unga lenye chumvi ya kutosha kumfukuza mlafi yeyote. Kapu la hatari akalifunga kabatini kwa kufuli.

Vitu alivipatia dawa. Mtoto ndiye aliyemshinda.

Kamanda aliporudi shuleni, hakuikaribia meza. Alisimama ukutani, mikono ameizika mifukoni, akiwatazama wenzake wakibonyeza na kumwaga. Ticha alipomkaribia na sponji, mtoto alirudi nyuma na kuifunika pua. Siku iliyofuata, vilevile. Alhamisi Ticha aliketi karibu naye, akafinyanga donge kimya kimya bila kumsemesha. Kamanda alisogea hatua mbili, akaliona beseni linang'aa, akarudi ukutani mbio. Koleo la zahanati lilikuwa bado linamwinda.

"Mshike mkono umpeleke," Madamu alimshauri koridoni. "Kesho bibi anakuja. Unataka amkute kagandishwa ukutani kama kalenda?"

"Nikimshika mkono, utakuwa mkono wangu unaofanya kazi."

"Kichwa ngumu wewe!"

"Ndiyo, Madamu. Lakini simshiki."

Ijumaa Bibi alifika na penseli mpya na daftari. Watoto wakaimba "Shikamoo Bibi!" na yeye akaitika "Marahabaa," akajikunja juu ya kiti kidogo hadi magoti yakakaribia kidevu. Alimweka Kamanda mbele yake.

"Andika moja. Fimbo tu, hivi."

Kamanda aliikamata penseli kwa ngumi, kama anayetwanga. Karatasi ikachanika. Akajaribu tena, ncha ikakatika. Akaitupa chini na kurudi ukutani, mikono mifukoni.

Bibi alimgeukia Ticha kwa macho yaliyokwisha kutoa hukumu. Ticha hakulegea. Aliliburuta beseni moja lenye maji na jingine tupu, akayaweka mbele ya bibi.

"Bibi, naomba msaada. Maji ya hapa yahamie hapa, kwa sponji peke yake."

"Mimi?"

"Wewe, mwalimu wangu. Ndiyo kazi ya leo."

Bibi alisonya, akakunja mikono ya gauni. Alilizamisha sponji, akaliinua haraka kwa ncha za vidole. Maji yakamwagika mezani, mapajani, kwenye viatu vyake vya kutokea. Watoto wakaangua kicheko. Akajaribu tena, safari hii maji yakamwingia hadi kwenye kiwiko.

"Bibi, siyo hivyo!"

Ilikuwa sauti ya amri, kutoka ukutani.

"Sasa vipi?" Bibi aliuliza kwa hasira ya kweli.

"Libane! Kwanza libane humo humo ndani! Linywe, halafu ubebe polepole!"

"Silibani vizuri?"

"Hujui!" Mikono ikachomoka mifukoni. Kamanda alikuja mbio, akamsukuma bibi yake kwa bega, akalizamisha sponji hadi likashiba, akalihamisha juu ya beseni tupu na kulikamua kwa mikono yote miwili mpaka uso ukamkunjamana. Tone la mwisho likadondoka. Kisha, pasipo kuambiwa, akakiokota kibanio na kulitundika sponji ukingoni likauke.

Bibi hakuangalia maji. Aliinama kukiangalia kibanio. Vidole vitatu, dole gumba upande mmoja, viwili upande wa pili, vikitetemeka kwa nguvu ya kubana.

"Fanya tena," alisema taratibu. Kamanda akafanya tena, kwa maringo.

"Hivyo vidole vitatu ndivyo vitakavyoshika penseli," Ticha alisema. "Bado havina nguvu. Vinaitafuta hapa."

"Naona, naona. Usinifundishe kuona." Lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Itachukua muda gani?"

"Sijui, Bibi. Ningekuambia wiki mbili ningekuwa nakudanganya."

Madamu alichungulia mlangoni, akaona sakafu imelowa na bibi kalowa zaidi. "Vipi huko? Meza itoke?"

"Iguse uone!" Bibi alifoka. "Nilishasema kama nitaondoka nitaondoka na mtaa. Basi nikibaki, nabaki na mtaa." Akaunyoosha mkono kwenye beseni, na Kamanda akaupiga kofi jepesi.

"Panga foleni, Bibi."

Nyuma ya kiti chake walisimama watoto wanne, kila mmoja akisubiri sponji. Bibi alinyanyuka akishika kiuno, akaenda mwisho wa foleni. Ticha Vifuniko alipiga magoti na tambara, akaanza kukausha sakafu kabla mtu hajateleza.