Sufuria ya Nyangi

Kila siku saa sita mchana, akishaosha vyombo, Nyangi wa kijiji cha Nyangoto alijaza maji kwenye sufuria kuukuu na kuiweka juani, juu ya jiwe katikati ya shamba. Hakutia kitu kingine. Ikifika alasiri maji yalinuka kama zizi la ng'ombe na kuwasha macho. Aliyazimua kwa ndoo tatu za maji ya kisima, akamwagilia mahindi, kisha akaenda kuchuma mboga.

Bwana shamba Gidion alikuja, akanusa, machozi yakamtoka.

"Hii ni amonia, mama. Ndiyo mbolea yenyewe. Viwandani wanaitoa kwa gesi na moto mkali."

"Mimi gesi sina," alisema Nyangi.

Gidion akaomba kopo moja la kupeleka kwenye sukuma wiki yake.

Mahindi yakawa yanakomaa kwa wiki tatu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mgodi wa jirani ulikuwa unapanuka, na shamba lilikuwa njiani. Mthamini Erasto, kijana nadhifu, alikuja na picha iliyopigwa kutoka angani wiki tatu nyuma. Kwenye picha palikuwa na udongo mtupu. Mbele yake palikuwa na mahindi mabichi ya kuchoma. Pande hizi, anayepanda haraka haraka ili alipwe fidia huambiwa ametegesha, na aliyetegesha hapati kitu.

"Shikamoo mama. Umetegesha."

"Marahaba. Nalima hapa tangu niolewe. Mlipiga picha nimetoka kuvuna. Ni jua hilo, baba. Sufuria ile pale."

Erasto akaenda kunusa, akarudi akijifuta macho.

"Kweli ni jua," alisema. "Ila fomu haina sehemu ya jua."

Akaandika: ardhi tupu.

Nyangi roho ilimuuma. Alikwenda ofisi ya mgodi mara nne, akaambiwa asubiri. Uzio ukajengwa, sufuria ikabaki ndani, naye akahamia kwa dada yake, kijiji cha Gorong'a.

Mvua iliijaza sufuria ikafurika, jua likaendelea na kazi. Punje zilizodondoka zikaota zenyewe, na baada ya wiki tatu mahindi yakalifunika bango lililoandikwa ENEO TUPU. Mlinzi Marwa akaagizwa ayafyeke ili bango lisomeke. Mpaka leo anafyeka kila wiki ya tatu, na Nyangi akipita humrushia mabua juu ya waya.

"Ya ng'ombe hayo, mama."

"Asante, baba. Na sufuria yangu?"

"Niliwauliza. Wanasema humu ndani hakuna kitu."

Nyangi akajitwisha mabua, akashika njia ya Gorong'a.