Thamani ya Ulanga

Kata iligonga mdomo wa mtungi gizani, kisha ikagonga tena. Chausiku akajua mumewe anakunywa maji asiyoyataka.

"Baba Mwaisha, utaumaliza mtungi mzima na alfajiri bado."

"Koo limenikauka."

"Si koo hilo. Ni yule mtu wa forodha."

Rehani akaja kuketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa karani wa ghala la ulanga karibu na stesheni ya Morogoro. Ulanga, lile jiwe la kung'aa linalobanduka, ulichimbwa juu Uluguru, ukateremshwa vichwani mwa wapagazi, ukachambuliwa ghalani, ukapanda gari moshi hadi pwani na kutoka pwani ukaenda Ujerumani. Serikali ilitaka kujua kila sanduku lina thamani gani, ipate ushuru wake, na aliyeiandika thamani hiyo ni Rehani. Ulanga safi, ulio angavu kama kioo, bei yake kubwa. Wenye madoa, ya chini kabisa. Tangu masika Mjerumani mwenye ghala, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kikohozi, alikuwa akimwamuru aandike madoa hata pasipo na doa. Leo ofisa wa forodha anakuja kutoka Dar es Salaam kufungua masanduku.

"Mwandiko ni wangu," Rehani alisema. "Nikisema safi, Kikohozi atanigeuka, aseme mwizi ni mimi. Nikisema madoa, nimeidanganya serikali nayo inatazama. Huku viboko, huku mnyororo."

"Basi twende kwetu Matombo. Tutoke sasa hivi."

"Tumwache nani mahali petu? Mjomba wako?"

Rehani alipomwoa Chausiku aliingia kwao, kama Waluguru wafanyavyo, na wa kumsimamia wakawa watu wa ukoo wa mke. Alipotafuta kazi hii, aliyekwenda mbele ya Kikohozi kumdhamini ni Mzee Mwinjuma, mjomba wa Chausiku. Rehani akitoroka, shingo itakayofungwa ni ya mzee yule. Chausiku akamvuta Mwaisha kifuani, mtoto wa miaka minne mwenye usingizi mzito, akabaki macho mpaka majogoo.

Asubuhi aliketi barazani mwa ghala na wanawake wenzake, kila mmoja na kisu chake, wakibandua ulanga karatasi kwa karatasi. Mwaisha alikuwa amejilaza mapajani pake.

"Mwenzetu, leo kisu hakikati?" Asia alimchokoza. "Au mume kakunyima usingizi?"

"Kaninyima kweli, ila siyo hivyo unavyotamani wewe."

Wakacheka, kisha wakakatisha kicheko, maana ofisa alikuwa ameingia uani. Alikuwa kijana, shingo imemwiva kwa jua, na Kiswahili chake kilitoka taratibu, neno moja moja.

"Madoa," alisoma daftarini. "Madoa. Tena madoa. Mlima huu hauna ulanga safi hata kidogo?"

"Mlima wenyewe mbovu," alisema Bwana Kikohozi.

Ofisa akaagiza sanduku lililokuwa karibu na baraza lifunguliwe. Hakuinama kutazama ndani. Alimtazama Rehani.

"Wewe ndiye karani. Umeandika kwa mkono wako. Huu ni ulanga gani?"

Bwana Kikohozi akakohoa. Visu vyote vikasimama. Chausiku alimwona mumewe akimtazama Kikohozi, kisha ofisa. Alitamani kumsaidia hata kwa neno moja, lakini kila neno alilolifikiria lilikuwa na mtu wa kufungwa ndani yake: huyu mumewe, au yule mzee wa Matombo. Akawa hana hata pa kutazama.

Ndipo alipohisi mapaja yake mepesi. Mwaisha alikuwa amekwisha teremka barazani, anachutama kando ya sanduku. Akachomoa karatasi moja ya ulanga, pana kama uso wake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya macho, akageuka.

"Mama, nakuona."