Chumba cha Tisa

Fundi alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya studio, akiufuata kwa vidole waya unaotoka kwenye kompyuta ya mezani hadi skrini ya pili, ile inayotazama benchi la wateja. Dada yake mkubwa, mpiga picha mwenye studio, alisimama kando. Afadhali angegomba.

"Umeuona?"

"Nimeuona, dada."

Wiki iliyopita fundi alikuja na wazo lake kama mtu aliyeleta zawadi. Laptopu yake ina kioo kidogo, na akiipakata kipanya hakina pa kukaa, kwa hiyo alijifundisha kutumia programu inayopanga madirisha ya kompyuta kwa kibodi tu. Madirisha hukaa kwenye vyumba tisa, na skrini huonyesha chumba kimoja tu kwa wakati. Unabonyeza vitufe viwili, dirisha linahamia chumba unachotaka. Cha tisa alikifanya stoo: kitu ukikipeleka huko hakionekani mpaka ukiite.

"Mteja akiingia ghafla, bonyeza hivi," alimfundisha dada. "Umeshaficha."

"Na kipanya changu?"

"Cha nini? Utazoea. Haba na haba, dada."

Akanakili mipangilio ya laptopu yake kama ilivyokuwa. Lakini laptopu ina skrini moja, na mashine ya dada ina mbili. Programu ikagawa vyumba: vya mwanzo kwenye skrini ya dada, cha tisa kwenye ile ya benchi. Hakukijaribu.

Leo dada alikuwa akisafisha picha ya mwalimu mmoja aliyepigwa bila kilemba, kichwa kimenyonyoka nywele kwa sababu ya dawa. Mwalimu aliomba picha iwe yake peke yake. Hata shuleni hawajui kama anaumwa. Wakaingia wanawake wawili kupiga picha za vitambulisho. Dada akabonyeza kama alivyofundishwa.

"Mimi nacheka nao, najua nimeficha," dada alisema. "Mmoja akaitazama skrini ya kwao, akatamka, 'Huyu si mwalimu mwenzetu?' Mwingine akamkanyaga mguu anyamaze."

Fundi alitoka chini ya meza, vumbi kichwani. Hakujipangusa.

"Narudisha kila kitu sasa hivi. Na kipanya."

"Kompyuta hata ukiigeuza miguu juu nitaizoea. Yeye kesho anakuja kuchukua picha zake. Nimwambie nini?"

"Mwambie mashine ilikose..." Sentensi ikamfia mdomoni. Mashine ilifanya ilichoambiwa. "Nitamwambia mimi."

"Utamwambia nini, Bwana Vitufe?"

Wiki nzima jina hilo, alilobandikwa na dada, lilimpendeza. Sasa masikio yalimwaka moto.

"Kwamba niliiweka programu bila kuijaribu. Na kwamba wewe uliamini nilichokwambia."

"Basi uwe hapa kabla sijafungua."

Fundi alichomoa waya, skrini ya benchi ikazima. Akaketi, akaanza kufuta mipangilio mstari kwa mstari, bila kunyanyua macho. Dada akamshika bega.

"Acha hapo."

"Nimebakiza nusu tu."

"Ndiyo maana nakwambia acha. Ukimaliza leo utalala ukidhani umeshalipa."

Akaiacha nusu, akazima kompyuta.